Kiwanja Kitupu Ni cha Nani?

Wapenzi wasomaji, liko neno moja dogo ambalo katika mji wetu wa Likasi limekwisha kuleta kesi nyingi kuliko matusi na ulevi. Neno lenyewe ni "patupu". Mtu apita njiani, aona majani marefu, vijia viwili vitatu vilivyokanyagwa na miguu ya watu, pengine na miti miwili iliyosimikwa kuwa goli la watoto. Haoni ukuta, wala hasikii mtu akimkataza. Basi asema moyoni: "Hapa ni patupu." Baada ya juma moja vijiti vinne vimekwisha kusimama, na kamba imezungushwa. Baada ya mwezi yaja matofali. Baada ya mwaka yaja mashtaka, na mara nyingine yaja maji.

Sisi tunaofundisha dini mitaani, ambao kazi yetu ni kwenda kwa miguu toka shirika hadi shirika, twavijua viwanja hivyo kama tujuavyo majina ya wanafunzi wetu. Twataka leo kusema nanyi juu yake. Si kwa sababu sisi ni mafundi wa ramani, la. Ni kwa sababu miaka michache iliyopita mashirika ya mtaa wetu yalituchagua, pamoja na wazee wawili, tuwasemee watu mbele ya baraza la komine lililokaa kuamua juu ya kipande kimoja cha udongo. Na mambo tuliyoyasikia katika baraza hilo yatufaa sote, Wakristu na wasio Wakristu, wenye malupango na wapangaji.

Mji uliochorwa na wengine

Kwanza tukumbuke jinsi mji wetu ulivyozaliwa. Likasi haikuota yenyewe kama uyoga. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilifuata shaba ya Kambove na ya Likasi. Baadaye ikajenga mitambo ya kusafisha mawe ya madini huko Panda, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kikaanza kutoa shaba kwa nguvu ya umeme. Mji ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, injinia Mbelgiji, mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo. Jina hilo lilidumu mpaka mwaka 1966, serikali ilipolirudisha jina la Likasi.

Walioichora ramani ya mji walikuwa watu wa serikali ya Wabelgiji na watu wa kampuni. Wazungu walikaa upande wao, wafanyakazi wa kampuni katika kambi zao, na Waafrika wengine katika mtaa wao. Katikati waliacha nafasi zisizojengwa. Sababu za kuziacha zilikuwa mbili, moja mbaya na moja njema, nazo zilichanganyika kama pumba na unga.

Sababu mbaya ilikuwa kutenga watu. Huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, uliwekwa ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, na wakubwa walieleza kwamba ni kwa ajili ya afya, mbu wasipate kuuvuka. Hivyo habari ya rangi ya ngozi ikafunikwa na habari ya mbu. Sababu njema ilikuwa hii: maji ya mvua yapate njia yake, moshi wa viwanda usiingie moja kwa moja vyumbani mwa watu, na barabara ziweze kupanuliwa siku watu watakapoongezeka.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, sababu ile mbaya ilikufa, na hakuna aliyeilia. Lakini ile njema haikufa pamoja nayo, maana mvua haijui bendera, na moshi hauulizi mtu kabila lake. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walikuwa wamepima mkojo wa watu wa sehemu zetu hizi za Katanga. Waliona kwamba wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini, chini ya kilomita 3, wana kobalti nyingi sana mwilini kuliko watu wa mbali, na watoto ndio waliozidi. Kumbe basi, nafasi iliyoachwa kati ya kiwanda na nyumba si udongo uliosahauliwa. Ni dawa, ingawa haina chupa.

Kwa nini leo twagombania kila hatua ya udongo? Wazee wetu wanajua. Zamani mfanyakazi wa kampuni alipewa nyumba, posho ya unga, hospitali na masomo ya watoto. Mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni mpya, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ikaendelea hivyo kwa muda mrefu. Kisha miaka ya 1990 ikaja na njaa, na uporaji, na ile habari chungu ya mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wa Kasai walipofukuzwa majumbani mwao wakalala kituoni pa gari la moshi hapa Likasi wakingoja treni. Mwaka 2003 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000, wa Kolwezi, wa Likasi na wa Lubumbashi, waliachishwa kazi kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Aliyekuwa akila kwa mshahara akashika jembe. Hapo ndipo kando za mitaro, kando za reli, na nafasi zote za kale zilipojaa matuta ya matembele na lengalenga.

Ombi lisilokuwa na karatasi

Sasa tuingie barazani. Kipande chetu kilikuwa baina ya nyumba za mwisho za mtaa na mtaro mkubwa unaopokea maji ya mlimani. Upande wa juu ni mkavu. Upande wa chini huloa wakati wa mvua. Burugumesita alikaa katikati, na pembeni yake mtu wa Kadastre, ndio wanaopima viwanja, na mtu wa ofisi ya kupanga mji, na shefu wa mtaa, na karani mwenye kitabu. Watu walijaa hata madirishani.

Karani akasoma maombi. La kwanza lilikuwa la mfanyabiashara mmoja, aliyetaka kipande chote ajenge depo ya saruji na ya unga. La pili lilikuwa la kukikata kipande chote kuwa malupango ya nyumba, wapewe watu walioandikisha majina yao tangu siku nyingi. Akiisha kusoma hayo, akafunga kitabu.

Tukauliza: "Na ombi la tatu, Bwana Karani?"

Akajibu: "Lipi, Mwalimu? Mezani yako mawili tu."

Ni kweli, mezani yalikuwa mawili. Ombi la tatu halikuwa na karatasi. Lilikuwa limekaa nyuma, kwenye benchi la mwisho, limefunga kitambaa kichwani na lina udongo miguuni. Mama waliolima pale tangu mwaka 2003 na 2004 hawakujua kwamba mtu huomba kitu alicho nacho tayari. Watoto waliocheza mpira pale hawakujua kwamba mchezo una fomu. Wapenzi wasomaji, tulitazama jambo hili tukaliona ndilo shina la maneno yote. Baraza husikiliza karatasi. Mwenye karatasi anaonekana hata asipokuwapo. Asiye na karatasi haonekani hata akiwa amekaa mbele yako.

Kijana wa Kadastre, tena kijana mwenye adabu, alikunjua ramani yake akasema: "Wazee wangu, kwenye ramani pale hakuna kitu."

Mzee mmoja, aliyefanya kazi Shituru mpaka nywele zake zikawa nyeupe, akasimama, kofia mkononi. Akasema: "Bwana Burugumesita, namshukuru mwanangu huyu kwa maneno yake. Namwomba kitu kimoja tu. Aje mwezi wa Januari, saa ya mvua, asimame pale na viatu vyake hivi. Ndipo atatueleza kama maji ni kitu au si kitu." Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini tulimwona akiandika.

Kisha akasimama mama mmoja wa benchi la nyuma. Hakusema kwa sauti kubwa. "Baba, mimi karatasi sina, nina jembe. Toka mume wangu alipotolewa kazini, watoto wangu wamesoma kwa lengalenga ya pale. Mkiniondoa nitaondoka, sina nguvu ya kushindana na komine. Lakini nauliza: nani ataandika kwamba palikuwa na mtu?" Hakuna aliyecheka.

Msidhani kwamba mfanyabiashara yule alikuwa mtu mbaya. Desturi yetu ni kumfanya tajiri kuwa mbwa-mwitu wa kila hadithi, na huo si uhaki. Naye alisimama akasema maneno yenye uzito: "Ninyi nyote hununua saruji kwangu. Nikipata depo, vijana wa mtaa huu watapata kazi ya kupakua na kulinda. Au mwataka waende kuchimba?" Baraza lote likanyamaza. Ni nani kati yetu asiyemjua kijana aliyekwenda kuchimba na hakurudi? Wengi walikumbuka Shinkolobwe, karibu nasi, ambako shimo liliporomoka Julai mwaka 2004 na watu wakafa ndani, ingawa serikali ilikuwa imekataza kuchimba pale. Wengine walikumbuka Kolwezi. Huko, katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014 mtu mmoja alichimba uani kwake akakuta kobalti, na muda si muda majirani wakawa wanatoboa sakafu za vyumba vyao wenyewe. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikapewa kampuni, ikazungushiwa ukuta, na jamaa waliokaa pale wakalipwa na kuhamishwa. Mahali pa kulala pakageuka mahali pa kuchimba, na aliyekuwa na jirani akabaki na fedha za kuhamia. Kwa hiyo swali la mfanyabiashara halikuwa la kudharauliwa. Mtaa usio na kazi nao ni hatari.

Kijana, mke wake na msingi wao

Tulidhani maneno yamekwisha, tukingoja uamuzi. Hapo shefu wa mtaa akainama kwa Burugumesita, akamnong'oneza. Kumbe chini kabisa, karibu na mtaro, msingi wa nyumba ulikuwa umekwisha kuchimbwa na mawe kupangwa. Wenyewe wakaitwa mbele. Tukawaona kijana na mke wake, ambao sisi wenyewe tuliwafundisha mafundisho ya ndoa, naye mke amebeba mtoto mgongoni.

Kijana akatoa karatasi yake mfukoni, imekunjwa vizuri ndani ya plastiki. Alikuwa ameuza pikipiki yake, chombo chake cha kazi, akaongeza akiba ya mkewe aliyouza unga sokoni, akamlipa mtu aliyesema kwamba ana amri ya kugawa udongo ule. Kijana wa Kadastre akaipokea karatasi, akaigeuza mbele na nyuma. Ilikuwa na muhuri, ndiyo. Lakini haikuwa na namba ya kiwanja, wala mchoro, wala jina la ofisi yoyote inayojulikana. Mke akamtazama yule kijana wa Kadastre usoni, si kwenye karatasi, na kwa kumtazama tu akajua. Akaanza kumfungua mtoto mgongoni ampakate, kama mtu anayeogopa kwamba hata huyo atachukuliwa.

Burugumesita akatugeukia sisi wajumbe wa mashirika. Akasema: "Mwalimu, ninyi mwasema mahali pa maji paachwe. Haya, hawa ni watoto wenu. Nifanye nini nao?"

Ndugu wasomaji, ni rahisi kutetea faida ya wote wakati "wote" hawana uso. Lakini faida ya wote ikikutaka uwaambie watu wawili unaowapenda "Ondokeni", ndipo utakapojua kama wasema kweli au waimba wimbo. Tungenyamaza, nyumba ile ingejengwa, na mwaka wa kwanza wa mvua kubwa maji yangerudi nyuma kwa sababu ya ukuta wao na kuingia katika nyumba za jirani, kisha kuuvunja ukuta wenyewe. Na nyumba moja ikisimama, ya pili husema, "Mbona yule?" Hivyo mtaro hufa nyumba kwa nyumba, na hakuna hata mmoja anayejiona ameuua.

Tulisimama tukajibu hivi: "Bwana Burugumesita, msingi ule uondoke. Twasema hivyo mbele yao. Lakini hasara ile si yao peke yao. Udongo ule uliuzwa mchana, na wengi walimwona muuzaji akipima kwa hatua zake, wakanyamaza. Basi, ikiwa upande wa juu ulio mkavu utakatwa malupango, hawa wawe wa kwanza, kabla ya mwenye rafiki ofisini na kabla ya mwenye jina kubwa. Na yule aliyewauzia atafutwe." Kijana hakututazama. Mke wake aliitikia kwa kichwa, polepole.

Siku ya pili baraza zima likatoka ofisini likaenda kupaona mahali penyewe, na hilo ndilo jambo tunalolisifu kuliko yote, kwa sababu ramani ilikutana na matope. Walipima, wakabishana, mzee wa Shituru akawaonyesha alama za maji kwenye shina la mwembe. Mwisho wakaamua hivi: upande wa chini kando ya mtaro ubaki wazi, watu wanaweza kulima mboga, lakini wasijenge hata kibanda, sehemu ndogo ya katikati ibaki kwa watoto, upande wa juu ukatwe malupango machache, na moja liwekwe kwa jina la kijana yule, depo ipewe mahali pengine, kando ya barabara kuu, ambako malori hayatapita kati ya watoto.

Je, kila mtu alifurahi? La. Mama yule wa jembe alipoteza nusu ya matuta yake, yale ya juu. Mfanyabiashara aliona mahali pa barabarani ni ghali. Fedha za kijana hazijarudi, na aliyezila hajaonekana tena mtaani. Tena uamuzi wa komine peke yake hautoshi. Barua hupanda kwa wakubwa wengine, na huko juu hukaa. Tunapoandika haya, mawe ya mpaka yamesimama, ila hati bado. Lakini mvua zilizofuata, maji yalipita mahali pake, na hakuna nyumba iliyoingiliwa upande ule.

Sheria yasemaje?

Wengi hudhani udongo ni wa yule aliyetangulia kuufyeka, au wa yule mwenye fedha. Sheria ya tarehe 20 Julai mwaka 1973 iliandika kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali, isiyouzwa wala kuhamishwa. Mtu hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa hati iliyoandikishwa katika kitabu cha msimamizi wa hati za udongo. Karatasi ya shefu wa mtaa, au ya mtu mwenye muhuri tu, si hati hiyo.

Tena sheria ile ile iliweka neno ambalo yafaa kila Mkristu wa mjini alijue kama ajuavyo amri kumi. Ilisema kwamba udongo uliowekwa kwa matumizi ya watu wote hauwezi kupewa mtu mmoja, mpaka kwanza Serikali yenyewe iuondoe wazi katika matumizi hayo, kwa utaratibu unaojulikana. Maana yake nini? Maana yake, njia ya maji, uwanja wa shule, makaburi, nafasi ya barabara, hivyo vyote si vitupu. Vina mwenyewe, naye ni sisi sote. Anayetaka kuvigawa lazima aonyeshe karatasi mbili: ile inayompa mtu, na kabla yake ile inayowatoa watu wote. Mara nyingi ya pili ipo, na ya kwanza haikuandikwa kamwe.

Na mwenye nyumba ya haki naye amelindwa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, yasema kwamba mali ya mtu ni takatifu, na hawezi kunyang'anywa ila kwa faida ya watu wote, naye alipwe fidia ya haki, tena alipwe kwanza. Lakini yafaa kujua na jambo hili: wanasheria wetu hufundisha kwamba hati iliyokwisha kuandikishwa ikapita miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu mno kuivunja. Kwa hiyo anayenyamaza leo kwa kuogopa maneno, kesho kutwa atasema mbele ya ukuta.

Maneno haya si mageni kwetu. Nani hajamsikia Naboti, aliyekataa kumpa mfalme Akabu shamba la mizabibu la baba zake? Mara nyingi twaikumbuka damu ya Naboti, lakini twasahau jinsi mambo yalivyoanza: yalianza na barua zenye muhuri wa mfalme, na wazee wa mji walioitwa barazani wakakubali kunyamaza. Akabu alikuwa mmoja. Walionyamaza walikuwa wengi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulifundisha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo viwafae watu wote. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya dunia nyumba yetu sote, alieleza kwamba wanaopanga miji yafaa wasikilize kila mara mawazo ya wenyeji wa mahali. Maneno hayo makubwa, kwetu Likasi, yana kipimo kidogo: ni upana wa mtaro mmoja.

Basi tufanyeje?

Kwanza, kila shirika litembee mtaani mwake kwa miguu, lihesabu mahali pa wote: njia za maji, visima, uwanja wa watoto, makaburi. Liandike katika daftari: mahali fulani, toka mti huu hata nyumba ile, watu hutumia hivi, tangu mwaka fulani. Daftari hilo si hati, lakini siku ya baraza litakuwa karatasi ya wasio na karatasi. Mama yule aliuliza nani ataandika kwamba palikuwa na mtu. Tuandike sisi.

Pili, kijana akitaka kununua lupango, asiende peke yake na fedha mfukoni. Aende kwanza Kadastre aulize namba ya kiwanja, aone mchoro, aulize jina lililoandikwa kitabuni. Aulize na wazee wa jirani: maji hupita wapi? Muuzaji wa haki hakasiriki kwa kuulizwa. Anayesema "Fanya upesi, wako wengine wanaotaka" amekwisha kujitangaza.

Tatu, tuhudhurie. Tangazo likibandikwa mlangoni pa komine, tulisome, tuwasomee na wasiojua kusoma. Twajua kusafiri siku mbili kwa matanga ya ndugu. Je, hatuwezi kukaa saa tatu barazani kwa uhai wa mtaa mzima? Na tukienda, tuseme kwa adabu, tukitaja mambo tunayoyajua: maji, miaka, hatua, majina ya miti. Matusi hufunga masikio ya wakubwa. Alama ya maji kwenye mwembe huyafungua.

Nne, tusimwache anayeumizwa na uamuzi wa haki. Mtaa ukiwaambia watu wawili waondoke njiani mwa maji, mtaa uwabebee mawe yao. Katika shirika letu watu walikwenda Jumamosi moja, wakayang'oa mawe ya msingi ule, wakayapeleka upande wa juu wakayapanga. Yule kijana alifanya kazi nasi tangu asubuhi. Jioni mke wake alituletea bukari na mboga, na mboga yenyewe ilitoka katika matuta ya mama yule wa jembe, yale yaliyobaki.

Basi, mpenzi msomaji, utakapopita tena penye majani marefu, usiseme upesi neno lile. Simama kidogo, tazama vijia, uulize vimetoka wapi na vyakwenda wapi. Miguu iliyovitengeneza ina wenyewe.